Mwezi Unaochomoza Magharibi

Mwezi uliopita tulikutana Bungu kumuaga Madam Mligo, mwalimu wetu wa fizikia, aliyestaafu na sasa anarudi kwao Njombe. Tulikuwa wanafunzi wake wa miaka mbalimbali, wengine na vitambi, wengine na watoto mgongoni. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kitambaa cheupe, tukamvisha shada la maua ya karatasi ambalo nadhani lilimwongezea joto tu, na joto la Pwani hakuwahi kulizoea. Mimi nilipewa nafasi ya kusema machache kwa niaba ya wote. Nikasimama, nikashika maiki, nikasema "Madam," halafu nikalia mpaka mshereheshaji akaninyang'anya maiki kwa adabu na kuwaita watu wa keki. Waliokuwepo walidhani ni uchungu wa kuagana. Uchungu ulikuwepo, lakini zaidi ya hapo nilikuwa na jambo moja la kusema, nalo lilikuwa refu kuliko nafasi niliyopewa. Nalisema hapa.

Habari za nani alimzaa nani tuziache, zitatuchelewesha. Kwetu ni Nyamisati. Nilipokuwa mdogo nilianguka kwenye rundo la boriti za mikoko pale zinaposhushwa, nikavunjika mkono, nikapelekwa Dar es Salaam kupigwa picha. Daktari aliinyanyua ile picha dirishani nikaiona mifupa yangu mwenyewe, myeupe, ndani ya mkono niliokuwa nao siku zote. Tangu siku hiyo nilitaka kujua waliionaje. Niliuliza watu wengi na wote walinijibu "mashine", wakaona wamemaliza. Mwalimu mmoja tu wa shule ya msingi ndiye aliyeniambia kwamba jibu la swali langu linaitwa fizikia, na kwamba yeye mwenyewe hakuisoma. Ndiyo maana kidato cha tatu kilinikuta Kibiti, nyumbani kwa baba mkubwa, kwa kuwa shule ya pale ilikuwa na mwalimu wa somo hilo na shule ya kwetu haikuwa naye.

Chumba changu kilikuwa nusu changu, nusu cha magunia ya korosho. Ukuta wake haukufika juu, kwa hiyo mengi ya mwaka ule niliyasikia kabla sijaambiwa. Baba mkubwa alikuwa imamu wa msikiti mdogo wa mtaani, mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi, na watu walimwita Sheikh Mbonde hata wale waliomzidi umri. Kila mwezi wa Kiislamu ulipofika ishirini na tisa alitoka jioni kwenda nyuma ya mikorosho, mahali palipo wazi, kuutazama mwezi muandamo. Redio ingetangaza yake, lakini mtaa wetu ulisubiri Sheikh amesema nini. Mkewe, mama mkubwa, alipika vitumbua vya kuuza asubuhi, na kazi yake ya pili ilikuwa kupunguza makali ya mumewe. Baba mkubwa akimwambia mtu "hapana", mama mkubwa husema, "Mpe maji kwanza anywe," na mara nyingi ile hapana ililainika kabla kikombe hakijaisha.

Madam Mligo alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, aliyefika Pwani akiwa mtu mzima na kushangaa kila kitu. Alishangaa tunavyotia nazi kwenye mboga, alishangaa kwamba tunaona baridi kunapokuwa na ubaridi kidogo tu wa Julai, na mchana wa jua kali alikunywa chai ya moto huku jasho linamtoka, akisema kwao hiyo ndiyo dawa. Tulimcheka sana mwanzoni. Lakini alikuwa na tabia moja ambayo sijaikuta kwa mwalimu mwingine yeyote tangu wakati ule. Ukimpa jibu, zuri au la ovyo, alikuuliza, "Umeona wapi?" Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kweli kujua umelitoa wapi, na alingoja umweleze, hata kama kengele imelia na darasa zima linamtazama kwa njaa. Mimi nilidhani walimu wote wa fizikia wako hivyo. Nilipofika chuoni ndipo nilipojua kwamba tulikuwa tumebahatika.

Fizikia yenyewe ilikuwa imekalia kuti kavu. Kidato cha tatu mwanafunzi huruhusiwa kuiacha, na wengi waliikimbia. Mkuu wa shule alitutangazia mstarini kwamba tukipungua zaidi ya hapo atalifunga darasa, Madam atahamishiwa kwingine, na sisi tutahesabika watu wa sanaa, tupende tusipende. Kwa wenzangu wengine hilo halikuwa jambo kubwa. Kwangu ilikuwa ni kurudi Nyamisati na jibu lilelile la "mashine".

Siku moja, wiki chache kabla ya likizo ya Juni, Madam alituambia wasichana tuje na kanga za ziada. Tulizitundika kwenye madirisha ya stoo ya maabara, chumba chenye harufu ya mafuta ya taa na ya mende, mpaka ndani kukawa giza la kutosha. Akaweka mezani kompyuta yake, ambayo bawaba yake moja ilikuwa imefungwa kwa plasta ya kidonda, akatuingiza kwa mafungu kwa sababu kioo kilikuwa kidogo. Simu za kupapasa wakati huo Kibiti zilikuwa za wachache, na wengi wetu hatukuwahi kuona filamu isiyokuwa ya mapigano. Tuliona duara jeupe katikati ya weusi. Kisha kikatokea kitu cheusi pembeni yake, kikaingia katikati, kikapita, kikatoka upande wa pili. Basi. Haikufika hata dakika. Hamadi, aliyekuwa msemaji wetu hata tusipomtuma, akauliza filamu yenyewe inaanza saa ngapi.

"Imekwisha," Madam akasema. "Hilo mliloliona ni jua."

Akatueleza taratibu. Jua ni hilihili letu, ila limepigwa picha kutoka sayari ya Mirihi, na gari lisilo na dereva ambalo Wamarekani wamelituma kule. Kile kitu cheusi ni mwezi wa Mirihi, mmoja kati ya miwili, unapita mbele ya jua. Kwa hiyo tulichokiona ni kupatwa kwa jua, lakini kupatwa kwa jua la watu wengine. Hamadi akauliza ni watu gani, Madam akasema hakuna, amekosea kusema. Akairudisha tena na tena mpaka macho yakazoea, ndipo tukaanza kuona. Ule mwezi haukuwa wa mviringo. "Ni kama kiazi," Madam akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anazungumza kama mtu mwenye hamu ya kwao. "Kiazi cha Njombe kilichochimbwa kabla ya wakati wake." Tukaona pia kwamba haukulifunika jua lote, na tukajibizana kama ni kwa sababu ni mdogo au kwa sababu uko mbali. Mimi niliuliza bamvua la huko likoje, maana kwetu maji yanapojaa na kutoka sana kila mtoto anajua ni mwezi. Madam akajibu kwamba Mirihi hakuna bahari. Nadhani tuliuonea huruma ule mwezi, kuzunguka kote kule bila maji ya kuvuta.

Swali alilolitaka yeye lilikuwa jingine. Kwa nini umepita haraka hivyo? Hakutujibu. Alitoa mfukoni ganda la kalamu ya biki, akapitisha ndani yake uzi wa kushonea nyavu, ncha moja amefunga ndimu, nyingine ameishika mkononi. Akaizungusha ile ndimu juu ya kichwa chake, taratibu, duara kubwa. Kisha akauvuta uzi kwa chini, duara likawa dogo, na ndimu ikaanza kukimbia mpaka ikalia hewani. Tulipokezana wote. Ukivuta unaisikia mkononi kabisa ile ndimu inavyotaka kwenda zake, na inavyoongeza mbio kadiri unavyoinyima nafasi. Akasema mwezi ule uko karibu mno na Mirihi, ndiyo maana unakimbia vile. Unaimaliza duru yake kabla Mirihi yenyewe haijajigeuza mara moja. Na kwa kuwa unaishinda mbio, mtu ambaye angesimama kule angeuona unachomoza magharibi na kuzama mashariki.

Alisubiri tushangae. Hatukushangaa. Hamadi akasema, "Kama wa kwetu."

"Wa kwetu unachomoza wapi?" Madam akauliza, na darasa zima likajibu kwa sauti moja, kama tulivyozoeshwa kwa Maalimu, chuo cha Kurani: magharibi.

Alicheka mpaka akajishika kiuno. Alidhani tunamtania. Aliposhindwa kuona anayecheka naye, akaacha, akatutazama mmoja mmoja, na mimi nikasimama kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele. Nikamwambia mwezi unaandama magharibi. Jua likishazama tu, unauona pale pale lilipozamia, mwembamba. Kila mtu anajua hivyo, vinginevyo tungefungaje?

"Umeona wapi, Somoe?"

"Nyumbani, Madam. Baba mkubwa ndiye anayeuangalia."

Alisimama na ndimu yake mkononi. Sisi tulikuwa watoto wa kuangalia mwezi unapoanza, yeye alikuwa mtu wa milimani ambaye mwezi aliujua ukiwa umeshakuwa mkubwa, unapanda juu ya vilima. Hakusema tumekosa. Alisema, "Ngojeni nikalifikirie," akaifunga kompyuta, tukazishusha kanga. Kesho yake aliingia darasani akaandika ubaoni swali moja tu: leo mwezi uko magharibi, kesho saa ileile utakuwa wapi? Mimi nililijua jibu, na Hamadi, na wengi wa Kibiti. Kesho unakuwa umepanda juu kidogo. Kesho kutwa zaidi. Ukifika wa kumi na nne unatokea mashariki jua likizama. "Basi," akasema Madam, na alikuwa anang'aa kama mtu aliyeokota kitu, "kila siku unasogea kutoka magharibi kwenda mashariki. Kumi na nne nzima unasafiri hivyo na mmeuona kwa macho yenu, nami nilitaka kuwaambia mmekosa." Alikosa mwalimu, hakukosa mwanafunzi, na mwalimu akalisema hilo mbele ya darasa bila kujikwaa. Nilitoka mle ndani naona nimeongezeka kimo.

Sasa Hamadi. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa na mdomo tu. Jioni ileile alisimulia sokoni kwamba Madam amewaonesha jua linaliwa na kwamba kuna mwezi unatoka magharibi. Maneno hayo yalipofika kwenye mabanda ya samaki, mwezi ulikuwa umekuwa jua. Yalipofika msikitini yalikuwa yamekamilika: yule mwalimu wa kutoka bara anawaonesha watoto Kiyama kwenye kompyuta. Kwetu hilo si la mzaha. Mtoto mdogo kabisa wa chuoni anajua kwamba jua likichomoza magharibi, mlango wa toba umefungwa.

Nilimsikia baba mkubwa usiku ule juu ya ukuta. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wazazi wamenijia watatu. Wanataka kikao. Wanasema nikisema mimi, wanawatoa watoto wote kwenye hilo somo."

"Na wewe wasemaje?" mama mkubwa akauliza.

"Nasema Somoe atangulie kutoka. Siwezi kuwaambia watu jambo na mwanangu yumo ndani."

"Mpe maji kwanza anywe."

"Hapana, mama Mwanaidi. Hili si la maji."

Asubuhi aliniita, akaniuliza swali moja tu. Tulipoona jua limepatwa, tuliswali? Nikamwambia hatukuswali, ilikuwa ni picha. Akafikiri. Akasema swala ya kupatwa ni ya walioko linapopatwa, kwa hiyo hapo hatuna kosa, na aliyeko huko ndiye aswali. Nikamwambia huko hakuna mtu. "Basi hakuna wa kuswali," akasema, na ningeweza kuapa alitaka kutabasamu. Lakini papo hapo akaniambia kuanzia siku ile, kipindi cha fizikia kikifika, nikae na watu wa historia. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye magunia ya korosho. Nilijua hesabu ya mkuu wa shule: nikitoka mimi mtoto wa Sheikh, watatoka wengine, na darasa halitafika Ramadhani.

Madam aliponikuta nimekaa na watu wa historia hakuniuliza kitu mbele za watu. Baadaye alinisubiri chini ya paa la ofisi, nikamweleza yote. Nilitegemea akasirike, au aende kwa mkuu. Akasema, "Leo jioni nipeleke kwenu."

Alikuja amejitanda kanga ya kuazima, nyekundu, na mkoba wa kompyuta kwapani. "Hodi," akasema, "shikamoo mzee," na baba mkubwa akamwitikia marahaba na kumkaribisha uani, kwa sababu mgeni ni mgeni hata ukiwa umepanga kumfukuza. Mama mkubwa akaleta bada na kamba wa nazi. Bada, kwa asiyeijua, ni ugali wa muhogo, unavutika, na mtu wa bara huhangaika nao. Madam alihangaika, akajipaka mpaka kwenye kifundo cha mkono, akamaliza sahani. Naamini nusu ya kazi aliifanya pale. Kompyuta hakuifungua kabisa. Alipokwisha nawa alimuuliza baba mkubwa kuhusu mwezi muandamo, kama mtu anayeuliza njia, na baba mkubwa akamweleza yaleyale niliyoyasema darasani, kwa ufasaha zaidi.

"Kwa hiyo, mzee, siku hadi siku unakwenda mashariki."

"Siku hadi siku, ndiyo. Lakini kila siku unazama magharibi. Usinizungushe, mwalimu."

"Nizunguke mimi, basi," Madam akasema, akainuka.

Akanisimamisha katikati ya ua, akaniambia nigeuke palepale nilipo, kwa mkono wa kushoto, taratibu. Mimi ndiye dunia. Yeye akaanza kutembea akinizunguka kwa mkono uleule wa kushoto, polepole kuliko nilivyokuwa nageuka. Nikamwona anatokea upande wa jicho la kushoto, anapita mbele yangu, anapotelea kulia. Akaniambia kushoto kwako ni mashariki. Kisha, bila kubadili njia, akakimbia. Mwanamke mnene wa makamo, kanga inamvuka, ndala zinapiga, anakimbia kuuzunguka ua wa Sheikh Mbonde kabla mimi sijajigeuza mara moja. Na kweli, safari hii alitokea kulia akapotelea kushoto. Njia ni ileile, mwendo tu umezidi. Mama mkubwa alikuwa ameacha kukuna nazi, amekaa juu ya mbuzi anacheka bila sauti, na vichwa vya majirani vilikuwa vimeota juu ya ua wa makuti.

"Anazunguka kama mahujaji," baba mkubwa akasema, na hilo ndilo lililokuwa neno lake la kwanza tangu Madam aanze kuzunguka. Kisha akasimama, akakunja kanzu, akaniambia, "Pisha." Akasimama pale nilipokuwa. Sijasahau na sitasahau: mzee yule ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha hata mvua ikimkuta njiani, anageuka taratibu katikati ya ua wake, macho yamekazwa mbele kama yuko kwenye swala, na mwalimu wa fizikia anamzunguka, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mbio, pumzi zimemwishia. Alimrudisha tena mara ya pili. Madam akarudia. Alikuwa hajalalamika joto hata mara moja.

Alipotosheka, baba mkubwa akakaa akamwagizia maji. "Maneno ya uani haya," akasema. "Mtu anaweza kukimbia vyovyote apendavyo. Mwezi ukiniambia hivyo wenyewe, nitajua."

"Utakuambia," Madam akasema. "Ramadhani ikifika, mwezi ukiwa na siku mbili tatu, baada ya kufuturu, tafuta nyota kubwa iliyo juu ya mwezi kidogo. Nyota na mwezi vyote vitazama magharibi, usijali hilo. Kesho yake saa ileile itazame tena nyota hiyohiyo. Kama mwezi utakuwa haujaipita kwenda upande wa mashariki, mimi mwenyewe nitawaambia wazazi wawatoe watoto."

Nilitaka kumvuta kanga anyamaze. Aliiweka kazi yake, na mimi, na darasa lote, juu ya nyota moja, tena akisema kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi. Leo naelewa kwamba hakuwa anabahatisha, na kwamba ujasiri wake wote ulikuwa ni huo tu, kujua anachokijua. Wakati ule nilimwona ni mwendawazimu, na nilimpenda sana.

Mwezi uliandama, tukafunga. Siku ya tatu jioni, tende ikiwa imeshaliwa na magharibi imeshaswaliwa, baba mkubwa alitoka nje akaniita. Tulikwenda nyuma ya mikorosho. Mwezi ulikuwa mwembamba bado, na juu yake, si mbali, palikuwa na nyota moja inayong'aa kuliko zile za jirani yake. Akanyoosha mkono, akapima kwa vidole nafasi iliyokuwepo kati yake na mwezi, akarudi kula futari yake ya magimbi. Kesho yake tulikwenda tena. Nyota ilikuwa imeshuka kidogo kwa upande wa jua lilipozamia. Mwezi ulikuwa juu yake. Ulikuwa umeipita. Nilijua utaipita, lakini kujua na kuona ni watu wawili tofauti. Baba mkubwa alisimama pale muda mrefu. Miaka yake yote ya kuutazama mwezi aliutazama kwa ajili ya kuanza na kumaliza, sidhani kama aliwahi kuufuatilia katikati ya safari yake. "Subhanallah," akasema kwa sauti ya chini, na nilipomtazama alikuwa na uso wa kijana. Njiani kurudi hakuniambia lolote kuhusu darasa, na mimi nilijua vyema kutouliza.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Wazazi walijaa kwenye darasa la kidato cha nne, wamefunga, midomo mikavu, na watu waliofunga hawana subira ndefu. Mkuu wa shule alifungua kwa maneno mengi yaliyokuwa yanaegemea kila upande. Madam alikaa pembeni na mkoba wake mapajani. Sisi wanafunzi tulisimama nje, madirishani. Mzazi mmoja, baba yake na msichana niliyekaa naye dawati moja, akasimama akasema hana ugomvi na mwalimu, lakini haya ya magharibi yanamtia hofu, na wao wanamsikiliza Sheikh.

Baba mkubwa alisimama. Akasema yeye ameliangalia jambo lile kwa macho yake, jioni mbili. Akasema lililoahidiwa kutoka magharibi ni jua, na jua liko palepale linapochomoza, waamke alfajiri walihakikishe. Huu ni mwezi, tena wa huko mbali, nao unakwenda kwa amri ileile inayoupeleka wa kwetu, ila una haraka zaidi. Akasema mwanawe alikuwa ametoka kwenye somo kwa amri yake yeye, na anarudi Jumatatu kwa amri yake yeye.

Yule mzazi hakukaa. "Sheikh, samahani," akasema. "Na kama hicho Kiyama kiko karibu kweli? Watoto wetu kikiwakuta na mambo haya?"

Niliishika nondo ya dirisha kwa mikono yote miwili. Baba mkubwa alitazama chini, kisha akatazama dirishani, na nadhani aliniona.

"Tumefundishwa," akasema, "kwamba Kiyama kikikukuta na mche mkononi, uupande kwanza. Mimi mche wangu ni yule pale dirishani. Kikija, kimkute darasani."

Akakaa. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao hata hivyo, wengine wote wakabaki, na darasa likasimama mpaka tukafanya mtihani wa mwisho. Mengine yaliyofuata, chuo, hospitali, chumba changu cha mionzi ambamo sasa mimi ndiye ninayewanyanyulia watoto picha za mifupa yao, yote yalipitia pale.

Jumatatu ile niliingia darasani kabla ya kengele. Madam alikuwa ameshafika, amekunywa chai yake ya moto, maana yeye hakuwa amefunga, jasho linamtoka. Hakuniambia karibu wala hakunishika bega. Alichora duara moja katikati ya ubao, akaniambia hiyo ni dunia, akanipa chaki nichore safari ya mwezi. Wenzangu walinisubiri. Nilianzia magharibi.